Tumbo la Bochaberi Limefungwa

Inatangazwa kwa unyenyekevu na majonzi, kwa idhini ya baraza la wazee wa Kanisa la Machipukizi ya Uzima, tawi la Kiptere, kwamba tumbo la Dada Bochaberi, mke wa Shemasi Nyabuto na mama wa watoto saba, limefungwa. Halijazaa tangu mwaka ule mvua ilipobeba daraja. Waumini wote wanaombwa kufika Jumapili ijayo, bila kutia kitu mdomoni, ili aliyelifunga tumbo hilo afichuliwe mbele ya madhabahu. Akina mama waje na leso. Vijana waje na nguvu.

Tangazo lilisomwa na Pasta Gichuki mwenyewe, kwa sauti ile anayoiweka akiba kwa ajili ya mazishi na harambee za mabati. Kabla ya watu kufika nyumbani lilikuwa tayari kwenye WhatsApp ya kanisa, likifuatwa na vikono vya maombi hadi simu zikaishiwa na moto. Bochaberi alilisikia akiwa benchi la mbele, mikono juu ya mapaja, akiliangalia tumbo lake kama mzazi anavyomwangalia mtoto aliyetajwa paredi kwa kuvunja dirisha la shule.

Mtu asidhani benchi la mbele ni la yeyote. Katika kanisa hilo wanawake hukaa kwa uzao wao. Mwenye saba na kuendelea hukaa mbele, kwenye mto wa sponji. Wenye wanne hadi sita hukaa katikati, kwenye ubao mtupu lakini palipo na joto. Tabby, aliyeolewa mwaka jana na ambaye tumbo lake bado ni bapa kama sahani, hukaa karibu na mlango, mahali ambapo mvua ya Kericho humfikia mtu kabla ya Neno kumfikia. Hakuna anayemsema vibaya. Wanamwachia tu mvua.

Pasta Gichuki alikuja huku kutoka upande wa Murang'a akiuza vifaranga wa siku moja. Alikuwa akiwatembeza kwenye katoni zenye matundu, akiwaapia wateja kwamba kila mmoja atataga. Ugonjwa wa kideri ulipoingia na kuwamaliza vifaranga, Mungu akamwita. Wanaomkumbuka wa zamani husema mahubiri hayajabadilika sana, ila katoni. Husimama mbele ya wachuna chai waliochoka mabega na kuwaambia: chai isiyochunwa hugeuka mti, na mti haujazi kikapu. Mwanamke anayelipumzisha tumbo lake anageuka mti. Watu husema amina, kwa sababu ni kweli kuhusu chai.

Halafu kuna kusalimiwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi, Mama Pasta, Nyathira, husimama mlangoni akiwapokea wanawake kwa kuwashika mkono wa juu, upande wa ndani, pale ambapo wauguzi hupachika vile vijiti vya kupanga uzazi. Hushika kwa upendo. Hubonyeza kwa upendo zaidi. Vidole vyake vikigusa kitu kama njiti ya kiberiti chini ya ngozi, husema "Haleluya" polepole, na huyo mwanamke hupelekwa chumba cha nyuma aombewe hadi akubali kwenda kukitoa. Nyathira mwenyewe ana watoto wawili, Steve na Jennifer, wanaopendezana kama kikombe na kisosi chake. Pasta hueleza kwamba huo ni msalaba Mungu aliompa mke wake. Anaubeba ndani ya blauzi ya mikono mirefu, hata Februari jua likichoma, na hakuna aliyewahi kumsalimia yeye.

Bochaberi alikuja nchi hii ya chai akiwa bibi arusi kutoka milima ya Kisii. Nyabuto alikuwa amepewa shamba la mzee mmoja Mkipsigis alisimamie, achune, apeleke majani kituoni, wagawane. Nyabuto si mtu mbaya. Hanywi, hapigi mtu, na akikosea hulia kanisani hadharani. Kosa lake ni kwamba hajawahi kuambiwa jambo na mtu aliyeshika kipaza sauti akalikataa. Mtoto wa tano alipozaliwa walimfanya shemasi. Wa saba alipozaliwa walimpa ufunguo wa kanisa.

Bochaberi ndiye aliyemleta kanisani mdogo wake, Mongina. Hili hulitaja mwenyewe, bila kuulizwa, kama mtu anayetaja mguu wake mbovu. Mongina aliolewa hapo hapo na Onchiri, fundi wa kushona mabegi. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, na daktari akamwambia apumzike, kisha akipata mwingine asithubutu kuzalia nyumbani. Mongina akatiwa kijiti. Nyathira akakisalimia. Haleluya.

Kilitolewa, na chai ilipochipua vizuri baada ya masika Mongina alikuwa mzito. Uchungu ulipomshika walimpeleka chumba cha nyuma cha kanisa, si hospitali, kwa sababu Pasta alikuwa ameona katika roho mtoto akitoka kwa mlango na si kwa dirisha. Bochaberi alikuwa amemshika mkono. Nje watu walipita na vikapu mgongoni kwenda kituoni, wakisemezana na kucheka, maana ilikuwa asubuhi nzuri ya kazi. Kovu la zamani lilifunguka ndani. Mongina alisema, "Dada, kuna kitu kimeachia," kwa sauti ya mtu anayeambia fundi kuhusu zipu. Hakusema kingine. Walizikwa wawili katika sanduku moja, na tangazo likasema Mongina ametukuzwa. Nyasi hazijaota vizuri kaburini, Onchiri akaoa tena. Kanisa lilimwazima hema.

Bochaberi wakati huo alikuwa na mimba ya Kim, wa saba.

Kim alipokelewa na Bitutu. Bitutu ni bibi kizee wa nyumba ya pili, mkunga kwa mikono yake miwili, ambaye nusu ya vijana wa kijiji hicho walianza kulia baada ya yeye kuwapiga matakoni. Haendi kanisa lolote. Husema Jumapili ndiyo siku pekee njia inapokuwa na nafasi. Kim alitoka salama, lakini damu iliyomfuata haikujua kusimama. Bitutu aliinua miguu ya kitanda juu ya mawe, akakandamiza tumbo kwa ngumi, akatukana kwa Kikisii maneno yaliyomfanya hata mbuzi nje anyamaze. Damu ilipokubali, alikaa chini, akanawa kwenye beseni.

"Mama Nyamwange," alisema, maana Nyamwange ndiye kifungua mimba wa Bochaberi, "wa nane sitampokea."

"Kwa nini, Magokoro?" Bochaberi alimwita nyanya kama wote walivyomwita.

"Sipendi kuosha maiti. Mgongo wangu unauma."

"Pasta anasema kizazi ni cha Mungu."

"Basi aje akipokee mwenyewe. Nitamwachia beseni."

Bochaberi aligusa mkono wake wa juu, upande wa ndani. "Mkono nao wanapapasa."

"Na tumbo wanapapasa?"

"Hapana."

"Haya basi. Hata chai hupogolewa."

Kim alipoanza kukaa, Bitutu akaanza kulalamika macho. Alilalamika kijiji kizima. Alimsalimia jogoo akimwita Shemasi. Ikaonekana wazi kwamba lazima apelekwe hospitali kubwa ya Longisa, na kwamba kikongwe hawezi kwenda peke yake, na Nyabuto, ambaye ana huruma, ndiye aliyesema mke wake amsindikize. Huko Longisa Bitutu alikaa benchi la nje na macho yake mazima, akichambua viatu vya wapita njia, huku Bochaberi akiwa ndani na muuguzi mmoja aitwaye Molly.

"Mama, hii ni ya kufunga kabisa," Molly alimwambia. "Ukibadilisha mawazo kesho, hatuna dawa ya kufungua. Umeelewa?"

"Nikibadilisha mawazo nitakuwa nimekufa."

"Mzee wako anajua?"

"Anajua nimesindikiza macho."

Molly alimwangalia, akamweleza kila kitu mara ya pili pole pole, akamuuliza tena kama ni yeye mwenyewe anataka. Bochaberi alisema ni yeye. Kazi yenyewe ya daktari ilikuwa fupi. Kovu lilikaa chini ya kitovu, dogo kama ukucha. Kumficha Nyabuto hakukuhitaji akili, kwa kuwa Nyabuto ni mtu wa kuzima taa kwanza. Watoto saba, na hajawahi kuliona lile tumbo mchana.

Kwa ajili ya ushahidi, Bitutu alirudi amejifunga bandeji jicho moja. Alijigonga kwenye mlango wake mwenyewe mbele ya watu, akajigonga tena kwa wale waliochelewa. Baada ya siku mbili alichoka na mchezo huo, akaitupa bandeji, akawa anaona. Ndilo kosa pekee alilofanya.

Mwaka ukapita bila mimba. Kanisa likafurahi kwamba Bochaberi anapumua. Mwaka wa pili likaanza kuuliza. Akina mama walikuja na mafuta, wakampaka tumbo juu ya nguo, wakaondoka wakiwa wamemaliza chai na mkate. Pasta alifunga siku nzima kwa ajili yake na akalitaja hilo kila Jumapili. Nyabuto alikonda. Aliacha kushika ufunguo wa kanisa mbele za watu, akawa anaufungia mfukoni. "Labda ni mimi," alimwambia mkewe wakipalilia. "Labda kuna dhambi nilificha." Bochaberi alimwambia hapana, si yeye, na mdomo ukataka kuendelea, akauzuia kwa kung'oa magugu.

Ufunuo ulimjia Gichana. Huyu ni kiongozi wa vijana wa kanisa, mwenye bodaboda ya mkopo na sauti ya kuongoza mapambio. Aliota amemwona bibi mmoja amefunga jicho bandeji, akizika kitu nyuma ya nyumba ya Shemasi.

Watu wa huko wanajua maana yake. Mtoto akizaliwa, kondo la nyuma huzikwa nyuma ya nyumba kwenye migomba, na linazikwa kamba ya kitovu ikiangalia juu, ili mtoto anayefuata apate njia. Likizikwa kamba chini, njia imefungwa. Pasta Gichuki alikuwa amehubiri dhidi ya mila miaka yote hiyo, ngoma, matambiko, hata majina ya mababu. Kanisa lilikuwa limezikataa mila zote isipokuwa zile lililoziogopa.

Wakaenda kuchimba. Vijana wanne na majembe, Pasta amesimama kando na buti za mvua, Nyabuto ameshika koti la Pasta. Kondo la miaka mitatu halikai ardhini likingoja wageni, lakini hilo halikumsumbua mtu. Walichopata ni kipande cha soli ya sandali ya tairi. Pasta alikigeuza kwa kijiti, akatazama upande huu na upande ule, akatangaza kwamba kilikuwa kinaangalia chini. Nyabuto alilia. Kisha mtu akakumbuka lile jicho la Bitutu: mwanamke mzee, kipofu leo, keshokutwa anaona. Nani huponya hivyo? Ndipo lilipoandikwa lile tangazo, na jina la kikongwe likaachwa nje kwa heshima, ili kila mtu alijaze mwenyewe.

Alhamisi mchana, akitoka kituoni kupeleka majani, Bochaberi alipitia kwa Bitutu. Alimkuta mlangoni akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Magokoro, uende. Uende Bomet kwa mtoto wa dada yako, hata leo."

"Na hizi goti niziache nani azilinde?"

"Wale hawatakuja kukuombea. Unajua."

Bitutu alijua. Mwaka uliopita, ng'ambo ya mto, kikongwe mmoja alichomwa ndani ya nyumba yake na vijana wa pale pale, na mmoja wao alikuwa amebebwa mgongoni na huyo huyo kikongwe akiwa mtoto. Polisi walikuja, wakakuta majivu na watu wote walikuwa sokoni siku hiyo.

"Basi nitasema," Bochaberi akasema. "Nikisema ni daktari, hakuna mchawi. Itaisha."

"Itaisha kwangu. Kwako itaanza." Bitutu alitupa haragwe bovu. "Nyabuto ataambiwa akurudishe kwenu, na kwa kipaza sauti anaambilika. Watoto ni wa baba, hata huko kwetu ni hivyo, utaenda na leso yako tu. Kim bado analala ameshika sikio lako. Atashika la nani?"

Bochaberi alijishika sikio.

"Mimi nimezeeka," Bitutu akaendelea, kama anayesema kuhusu maharagwe. "Nilikutoa mkononi mwa kifo mara moja, na ilikuwa kazi ngumu. Usiniharibie kazi yangu."

"Hukuniokoa ili nikae nikiangalia ukichomwa, Magokoro."

"Sikufikiria mbali hivyo. Nilikuwa na damu mpaka kwenye kiwiko. Nenda, mvua inakuja."

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Hata watu wa madhehebu mengine walikuwa wamekuja, wale ambao husema kanisa hilo ni la wendawazimu. Bochaberi alifika na Kim mgongoni na wengine sita nyuma yake. Kando ya ukuta aliikuta bodaboda ya Gichana imelazwa upande, mpira umetoka kwenye tangi umeingia kwenye mtungi wa njano, na Gichana amechuchumaa akiangalia petroli inavyoteremka.

"Bwana asifiwe, mama," Gichana alisema bila kuinuka.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya jenereta."

Kanisa la Machipukizi ya Uzima halina jenereta. Lilikuwa bado linaichangia.

Bitutu alikuwa amekwisha letwa. Alikalishwa mbele kwenye kigoda, amevaa sweta yake ya kijani ya kwendea matanga. Nyathira alijaribu kumsalimia mkono kwa mazoea, Bitutu akamwambia, "Huko hakuna kitu, mama, niliacha zamani," na watu wa dirishani wakacheka hadi mzee wa kanisa akawakodolea macho.

Pasta Gichuki alishika kipaza sauti, akamwita Bitutu nyanya kwa Kikuyu chake. "Shosho, ni wewe ulizika kondo la nyuma la huyu mtoto wa saba?"

"Nimezika mengi. Hata lako ningezika, kama mama yako angezalia huku."

"Kamba iliangalia wapi?"

"Haina macho."

"Shosho, hapa si pahali pa mchezo. Tuambie basi hayo macho yako. Ulifungwa jicho, baada ya siku mbili ukaona. Nani alikuponya?"

Hapo mzaha ulimwishia Bitutu. Kulijibu swali hilo ilikuwa ni kusema Longisa walifuata nini. Alimtazama Bochaberi, kisha akatazama paa.

"Lilipona tu," alisema.

Manung'uniko yalipita kanisani kama upepo kwenye mabati. Gichana alikuwa ameingia akasimama karibu na Tabby mlangoni, mikono ikinuka petroli hadi Tabby akajiziba pua kwa leso. "Pasta, tunapoteza wakati," alisema. Vijana wa nyuma waliinuka kabla ya kuambiwa. Mmoja alianza pambio, na wengine wakalipokea kwa makofi, polepole, na hakuna aliyekuwa akitabasamu. Bitutu alivifunga vifungo vya sweta yake kimoja kimoja, hadi cha shingoni.

Pasta aliinua mkono. Alikuwa ametoka jasho. Huenda hata yeye alikuwa ameona kwamba vifaranga hawa sasa hawarudi kwenye katoni, na alitaka jambo hili likitendeka liwe limesemwa na mdomo mwingine.

"Dada Bochaberi," alisema, "simama. Usiogope mtu. Huyu mama hawezi kukufanya kitu tena. Sema wewe mwenyewe, mbele ya Mungu na mbele ya mume wako, kanisa lisikie. Nani alilifunga tumbo lako?"

Pambio lilikatika. Bochaberi alimfungua Kim mgongoni. Mtoto alikuwa amelala, mkono wake bado umeshika sikio la mama, na ilibidi vidole vitolewe kimoja kimoja. Akamweka mikononi mwa Nyabuto, akamrekebisha kichwa kikae vizuri kwenye kiwiko, akakivuta kikofia kifunike masikio, polepole, kama mtu anayemwonyesha mwingine kazi ambayo ataifanya peke yake. Nyabuto alimpokea bila kuelewa. Macho yake yalikuwa kwa Pasta.

Bochaberi alipewa kipaza sauti, hakukichukua. Alisimama pale karibu na mto wake wa sponji, mikono imening'inia, akiangalia kigoda na sweta ya kijani iliyofungwa hadi shingoni.

"Daktari," alisema Bochaberi. "Nilimwomba. Iliisha haraka kuliko haya maombi."